UZI: Unahamia keja ndogo Nairobi? Tupange kinachobaki na kinachoondoka

Tepu_Kwanza

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni wa wanaotoka nyumba ya vyumba viwili au vitatu na kuingia chumba kimoja cha kulala au bedsita (chumba kimoja cha kulala, kukaa na kupikia). Wengi huanza kwa kuzunguka nyumba ya zamani wakiulizana "hiki tutoe?" Kila kitu hupata mtetezi, na siku ya kanta (lori dogo la kuhamia) kufika karibu kila kitu bado kipo. Anzia nyumba mpya. Ipime, ichore, kisha ita vitu kimoja kimoja viingie mpaka nafasi iishe. Kilichokosa nafasi kwenye mchoro hakipandi gari.

Omba keateka (msimamizi wa nyumba) akufungulie kabla hujalipa deposti, uende na tepu. Pima urefu na upana wa kila chumba, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, soketi zilipo, na mlango unafungukia upande gani. Upana wa mlango usiupime fremu kwa fremu. Ufungue wote, upime kutoka uso wa ubao hadi fremu ya upande wa pili, kwa sababu ubao wenyewe hula karibu sentimita 4. Halafu ngazi: pima pale zinapobana zaidi, na ile sehemu ya kugeukia kati ya ghorofa na ghorofa. Sofa nyingi hukwama hapo.

Chora kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja uwe nusu futi. Chumba cha futi 10 kwa 12 kitakuwa miraba 20 kwa 24. Kata vipande vya katoni kwa kipimo hichohicho: kitanda, kabati, friji, meza. Visogeze. Njia ya kupita mtu iachie futi 2.

Mfano, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni inchi 120 kila upande. Godoro la 6 kwa 6 mara nyingi lina upana wa inchi 72 na urefu wa 75. Ongeza mbao za kitanda, upana unakuwa kama inchi 76. Kisukume mpaka ukutani, zimebaki 44. Weka kabati lenye kina cha inchi 24 ukuta wa pili, zimebaki 20. Mlango wa kabati wenye upana wa inchi 20 utafunguka ukigusa godoro, na wewe huna pa kusimama. Badilisha kitanda kiwe 5 kwa 6, upana kama 64 na mbao zake. Sasa kati ya kitanda na kabati kuna inchi 32. Mlango unafunguka na mtu anasimama. Kwa hivyo kwenye chumba cha 10 kwa 10, swali la kitanda kikubwa linajibiwa na kabati.

Ghorofa_ya_Tano

Asante Tepu. Niongeze upande wa sofa, maana nyumba nyingi za Roysambu, Zimmerman na Pipeline hazina lifti.

Kuna kipimo kimoja kinachoamua kama sofa itapita mlangoni, na wauzaji wengi hawakitaji. Tazama sofa kwa ubavu. Laza fimbo iliyonyooka kutoka ncha ya juu ya mgongo hadi ncha ya mbele ya mkono. Sasa pima kutoka kona ya chini nyuma mpaka ifike kwenye fimbo, kwa mstari unaokutana nayo mraba. Kipimo hicho kikiwa kidogo kuliko upana wa mlango ulioupima vile Tepu alivyosema, sofa itapita ikisimamishwa wima na kuzungushwa. Kikizidi, toa miguu kwanza (mingi ni ya kufungua kwa skrubu), upime tena. Kikizidi bado, iuze. Usikubali habari ya kuipandisha kwa kamba kupitia balkoni. Ukingo wa balkoni haukujengwa kubeba mzigo unaovutwa, na chini kuna watoto.

Sofaseti ya watu saba si kitu kimoja. Ni ya watatu, ya wawili na viti viwili vya mmoja. Kwenye sebule ya futi 10 kwa 12, baki na ya watatu na kiti kimoja. Ya wawili ndiyo ya kwanza kuondoka: inakula nafasi karibu sawa na ya watatu na hakuna anayeweza kuilalia. Zile za umbo la L, angalia kama pembe inafunguka kwa boliti. Kama imeshonwa na kupigiliwa iwe kipande kimoja, ngazi zitaikataa.

MbaoNgumu

Kabla hamjauza kila kitu, tofautisheni mbao na mbao.

Kabati la chipbodi au MDF (mbao za unga wa mbao na gundi) lililofungwa kwa skrubu za kiwandani huhama mara moja, mara ya pili kwa bahati. Skrubu ikitoka, tundu limeshamomonyoka na haishiki tena. Na likiwa limewahi kunyonya maji miguuni, ubao umevimba na hakuna fundi wa kuurudisha. Gusa pembe za chini kwa kidole: zikiwa laini au zina mapovu chini ya ganda, uza likiwa bado limesimama.

Mvule, mahogani, hata saipresi iliyokauka vizuri, hizo ni nyingine. Kitanda cha mbao ngumu cha 6 kwa 6 hakina haja ya kuuzwa kwa hasara. Fundi wa Gikomba au wa kando ya Ngong Road anakikata kiwe 5 kwa 6: anapunguza inchi 12 kwenye ubao wa kichwani, ubao wa miguuni na chaga zote. Mbao za pembeni haziguswi kwa sababu urefu ni uleule. Ubao wa kichwani wenye nakshi katikati ukatwe inchi 6 kila upande, nakshi isiende kombo. Muulize fundi kwanza kama fremu imeungwa kwa ulimi na tundu au kwa misumari tu. Ya misumari ikikatwa hulegea.

Ukifungua samani yoyote, skrubu zake zitie kwenye mfuko mdogo na uufunge kwa utepe kwenye kipande chake hichohicho. Zikichanganyika zote kwenye kopo moja, utatia skrubu ndefu mahali pa fupi na ncha itatokea upande wa pili. Tundu likilegea, jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, kata usawa, subiri usiku mmoja, kisha funga.

Binti_Kayole

Naulizia friji na mashine ya kufua. Kwenye bedsita vyote viwili vinaweza kukaa?

Fundi_Stima

Dada, tuanze na friji. Izime siku moja kabla, iyeyushe yote, ikaushe, mlango ukae wazi. Isafirishwe imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha hapohapo kompresa inazunguka bila mafuta ya kutosha. Ndiyo maana friji inafika nzima na kufa wiki hiyohiyo. Ikilazimika kulazwa, isimamishe saa 24 kabla ya kuichomeka. Nyuma iachie angalau sentimita 5, na usiibane na kona ya jiko la gesi. Friji ya milango miwili kwenye bedsita ina tabu nyingine: joto inalotoa linabaki chumba unacholala, na mlio vilevile. Mtu mmoja au wawili, ya lita 90 hadi 120 inatosha kama unapika maharagwe na githeri kwa wiki na kugandisha.

Mashine ya kufua, hapa ni swali la maji. Inayojazwa kwa mbele hutaka bomba lenye presha, na mahali maji huja kwa ratiba itasimama katikati ya kufua nguo zikiwa na sabuni. Ile ya matangi mawili unaijaza kwa ndoo. Kwa hivyo ukiwa nazo zote mbili na unahamia ploti ya maji ya mgao, iliyo duni kwa macho ndiyo ya kubaki nayo. Ukiamua kubaki na ya mbele, tafuta zile boliti ndefu za kusafirishia zilizotolewa nyuma siku ya kwanza, uzirudishe kabla ya kupakia. Bila hizo pipa la ndani hugongagonga njia nzima, springi na bearing zinaharibika. Na ukifika, zitoe kabla ya kuwasha. Wengine husahau hapo, mashine inaruka kama punda.

Kingine ni soketi. Bedsita nyingi zina mbili tu, na watu huziongezea ekstensheni. Ekstensheni ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,120. Birika la umeme ni kama 2,000, pasi 1,000 na zaidi, maikrowevu 1,200. Birika likiwaka pamoja na kimoja kati ya hivyo vingine umefika ukingoni au umepita, na plagi inaanza kunuka. Chagua kifaa kimoja cha kuchemshia na ukiache kingine.

Hita ya bafuni ya papo hapo kama ni yako, usiing'oe ukitarajia kuifunga popote. Ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23. Inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi, na swichi yake. Kama nyumba mpya haina, iuze.

Mama_Sufuria

Wanangu, jikoni hesabu moto. Kama jiko lina moto mbili, huwezi kupika sufuria tano kwa pamoja. Baki na nne zinazoingiana, kila moja na kifuniko chake: ya ugali yenye kitako kizito, ya mboga, ya wali au nyama, na kubwa ya maharagwe. Karai moja, kikaangio cha chapati kimoja, presha kuka kama raba yake haijapasuka. Sufuria isiyokuwa na kifuniko inakula gesi, ikatwe jina. Sahani na vikombe ni idadi ya watu wa nyumba mara mbili, na vinne vya wageni. Vile vya seti vilivyokaa kabatini vikingoja sikukuu, aidha vitumike kuanzia leo na vya kila siku viondoke, au viende. Msiweke vyote viwili.

Masufuria ya chama na harambee, yale ya kupikia watu hamsini, hayana haja kukaa bedsita. Wanaokodisha viti na mahema hukodisha na sufuria. Au yawe ya kikundi, yakae kwa aliye na stoo.

Gesi: mtungi wa kilo 13 ni mzuri kama una mahali penye hewa pa kuuweka. Kama ni chumba kimoja, wa kilo 6 unabebeka ngazini. Popote utakapouweka, usiufungie kwenye kabati la chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya chini na haitoki yenyewe. Na jiko la makaa, nawasihi, lisiingie bedsita hata kidogo. Hata makaa yakishakuwa mekundu bila moshi bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Julai ikifika na baridi yake, mtu hulifungia ndani apate joto, na asubuhi haamki. Mpe anayepikia nje.

Kitu ambacho watu hutupa na hawapaswi ni mitungi ya maji. Nyumba yenye tangi kubwa hukusahaulisha. Mitungi sita ya lita 20 ni lita 120, kwa mtu mmoja au wawili unavuka siku mbili hadi tatu ukitumia kwa adabu. Hukaa chini ya meza, haisumbui. Pipa la lita 200 ndilo la kuacha: likijaa ni kilo 200 mahali pamoja, halisogezwi, na kulisafisha ndani ni kazi. Mitungi iliyokuwa na mafuta ya kupikia inaoshwa ikatumika. Iliyokuwa na kemikali, hata ukiosha mara kumi, usiinywee.

Wa_Ocha

Mbona mnauza? Mizigo ya ziada si ipelekwe ocha? Nyumba ya mashambani iko wazi.

MbaoNgumu

Ndugu, hapo hatukubaliani. Ocha isigeuzwe stoo. Mpigie simu aliye huko kwanza, umtajie kitu na kipimo chake, umuulize ataweka wapi na atakitumia lini. Akisema "lete tu tutaona", usilete. Sofa ya sponji kwenye nyumba isiyolaliwa ni kiota cha panya ndani ya miezi miwili. Chipbodi kwenye sakafu ya udongo hunyonya unyevu masika yote, Machi mpaka Mei. Halafu piga hesabu ya lori: mara nyingi nauli ya kabati inazidi bei ambayo lingeuzwa hapa.

Kinachofaa kwenda ni godoro zuri ambalo mzee atalilalia, viti vya plastiki, sufuria kubwa, mapipa ya maji, mabati na mbao ngumu. Miguu ya meza na kabati iwekwe juu ya mawe bapa, isiguse udongo, mchwa huanzia hapo.

Wa_Ocha

Nimekuelewa. Nitapiga simu kwanza.

Karatasi_Muhimu

Makaratasi hayachukui nafasi kubwa, lakini ndiyo hupotea siku ya kuhama. Faili moja lisilopakiwa kwenye gari, libebwe mkononi: hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, vya vifo, vyeti vya shule na chuo, pasipoti, kijitabu cha kliniki cha mtoto chenye chanjo zake. Hivi havina tarehe ya kutupwa. Msivilaminishe. Ofisi nyingine hukataa cheti kisichoweza kugongwa muhuri, na plastiki ikishikana na wino haibanduki bila kuchukua maandishi.

Karatasi za ushuru zinawekwa miaka 5. Mikataba na risiti zake, kama za upangaji, mkopo na mauziano, weka miaka 6, kwa kuwa sheria ya Kenya inampa mtu miaka 6 kudai mahakamani jambo la mkataba. Za ardhi ni 12, lakini karatasi za ardhi mimi nasema zisitupwe kabisa. Risiti ya deposti ya nyumba unayotoka usiiache mpaka pesa zirudi, na piga picha kila chumba kikiwa tupu, ukuta, sinki na vioo, siku ya kurudisha funguo.

Miongozo ya vifaa usivyonavyo tena, kalenda, risiti za supamaketi zilizofifia, kadi ya NHIF (bima ya afya ya zamani) ambayo SHA imechukua nafasi yake tangu Oktoba 2024: hizo ziende. Ila chochote chenye namba ya kitambulisho kichanwe vipande au kichomwe. Kufungia mandazi karatasi ya benki ya mtu ni jambo linalotokea kila siku mjini hapa.

Mwl_Umoja

Vitabu vya shule, fanyeni hesabu ya mtaala. KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, kwa hivyo vile vya marudio vya darasa la nane havina mwanafunzi tena. Vya sekondari vya 8-4-4, mtaala wa zamani, vina thamani kwa muda mfupi tu, maana kundi la mwisho linafanya KCSE (mtihani wa kidato cha nne) 2027. Viuzwe sasa. Kamusi, atlasi, hadithi na ushairi havizeeki na mtaala. Vikipakiwa, tumia katoni ndogo. Katoni kubwa ikijaa vitabu, kitako chake hupasuka ngazini.

Binti_Kayole

Na nguo na blanketi? Nikitoa za zamani zote nitabaki na mfuko mmoja.

Tepu_Kwanza

Tahadhari moja, dada. Watu wengi huhama Januari na Februari jua likiwaka, wanagawa blanketi nzito na masweta. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na Juni hadi Agosti vyumba vya chini visivyopata jua huwa baridi kweli. Kwa kila kitanda weka blanketi zito moja, jepesi moja, na shuka jozi mbili. Nguo pima kwa urefu wa fimbo ya kabati jipya: zinazoning'inia zote ziingie bila kusukumana, la sivyo unyevu wa masika utazitia ukungu mgongoni.

Na kabla chochote cha kitambaa hakijaondoka, kagua kunguni. Washa tochi kwenye mishono ya godoro, matundu ya skrubu ya kitanda, nyuma ya ubao wa kichwani. Madoa meusi kama ncha ya kalamu ndiyo dalili. Nguo na shuka zioshwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60, zikaushwe, zifungwe ndani ya gunia safi mpaka mfike. Godoro lililojaa usiliuze wala usimpe mtu, ni kumhamishia taabu yako.

Godoro la sponji linaweza kukunjwa na kufungwa kamba kwa safari, lifunguliwe siku hiyohiyo. La springi halikunjwi kamwe.

Mama_Sufuria

Mmesahau vitu vya moyo. Kiondo cha nyanya, picha za harusi, kitenge cha marehemu. Hivi haviamuliwi kwa tepu peke yake. Nendeni Kamukunji mkanunue sanduku la bati, moja, linaloingia chini ya kitanda. Kwanza pimeni uwazi wa chini ya kitanda, kisha ndipo mnunue. Vya moyo vyote viingie humo. Sanduku likijaa, kinachoingia kinabadilishana na kilichomo.

Picha za zile albamu za gundi zitolewe taratibu, gundi ile huzigeuza manjano. Zipigwe skani, nakala ziwe mahali pawili, za asili zikae kwenye bahasha za karatasi. Andikeni majina nyuma kwa penseli laini wakati wazee bado wapo wa kuulizwa. Na kitu cha urithi, hata kama kiko nyumbani kwako, waulize ndugu zako kabla hujakiuza. Kabati la mama si lako peke yako.

Ghorofa_ya_Tano

Kwa kuuza: anza wiki sita kabla, na vikubwa kwanza. Tangazo la kwenye tovuti ya Jiji au la kikundi cha WhatsApp liwe na vipimo kwa inchi na picha ya kasoro. Mnunuzi akijua kasoro mapema, hapati sababu ya kupunguza bei mlangoni. Akisema ametuma M-Pesa, usiamini ujumbe anaokuonyesha wala hata ule ulioingia kwako. Angalia salio lako mwenyewe, ndipo kitu kitoke. Televisheni za kichogo, simu na betri zilizokufa zipelekwe WEEE Centre, kituo cha taka za umeme, kule Utawala. Zikienda na takataka za kawaida huishia kuchomwa.

Binti_Kayole

Asanteni sana, mama na wote. Nimechora chumba: futi 10 kwa 11, mlango unafungukia ndani upande wa kushoto. Kitanda 5 kwa 6, kabati, friji ndogo, sofa ya watatu. Sofa inakataa.

Tepu_Kwanza

Mlango hufuta karibu futi 3 kwa 3 za sakafu, kwa hivyo hapo pasiwe na kitu. Geuza kichwa cha kitanda kiende ukuta wa futi 10, ubavu wake ukae kwenye ukuta wa futi 11 ulio kulia. Kabati liwe mkabala, mbali na mlango. Ukifanya hivyo, miguuni pa kitanda mpaka ukuta wa mlango zitabaki futi 4 hivi. Sofa ya watatu yenye kina cha futi 3 itaingia ikibana njia yote. Kiti kimoja na stuli mbili zinazoingia chini ya meza zitakaa vizuri. Tuma mchoro tena na dirisha lilipo.

Ghorofa_ya_Tano

Na umuombe keateka wa unakotoka barua ya kuonyesha hudaiwi kodi, siku mbili kabla. Bila hiyo askari wa geti anaweza kuzuia gari, na kanta ikishafika, saa zinahesabiwa juu yako.

Binti_Kayole

Dirisha liko ukuta wa futi 11, kulia, sentimita 90 kutoka sakafuni. Kitanda kitapita chini yake. Natuma mchoro kesho asubuhi.